Somo: Mtu mmoja, majina matatu kwenye historia ya Git

Wakuu, ingia kwenye repo yoyote (folda ya mradi ambao Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, inaufuatilia) iliyodumu miaka kadhaa, kisha andika:

git shortlog -sne

Inatoka orodha ya waliochangia, kila mmoja na idadi ya komiti zake (komiti ni badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia). Mara nyingi utakutana na kitu kama hiki:

212  Asha Mfano <asha@example.org>
87  asha <asha@laptop.local>
31  Asha M. <asha.m@example.com>

Huyo ni mtu mmoja. Git haimjui Asha. Inachojua ni jina na barua pepe zilizokuwa kwenye mipangilio ya kompyuta aliyoitumia siku ile. Siku ya kuandika orodha ya shukrani, au mtu anapomtafuta aliyeandika kipande fulani cha msimbo ili amuulize, kazi ya Asha imetawanyika. Kwangu mimi hili ni suala la haki ya mtu kwanza, unadhifu baadaye.

Hatua ya 1: ziba chanzo. Kwenye kila kompyuta unayotumia:

git config --global user.name "Asha Mfano"
git config --global user.email "asha@example.org"

Ukiwa na barua pepe moja ya kazini na nyingine ya miradi yako, usiweke barua pepe ya --global hata kidogo. Washa user.useConfigOnly iwe true, kisha weka barua pepe ndani ya kila repo bila --global. Hapo Git itakataa kutengeneza komiti mpaka uitaje, badala ya kubuni anwani kutokana na jina la kompyuta. Ile "laptop.local" hapo juu ilizaliwa hivyo hivyo.

Hatua ya 2: andika faili la .mailmap, linaloiambia Git anwani zipi ni za mtu mmoja. Linakaa kwenye folda ya juu kabisa ya repo. Mstari mmoja kwa kila anwani ya zamani:

Asha Mfano <asha@example.org> <asha@laptop.local>
Asha Mfano <asha@example.org> <asha.m@example.com>

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: anwani sahihi inatangulia, ya zamani inafuata. Ukigeuza, Git haitalalamika, ila itampeleka mtu kwenye anwani aliyokwisha kuiacha. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti wakati wa kulinganisha, na mstari unaoanza na # ni maelezo tu.

Muulize mwenyewe anataka jina lipi kabla hujaandika. Usimkisie.

Hatua ya 3: hakikisha.

git check-mailmap "asha <asha@laptop.local>"

Ikijibu Asha Mfano <asha@example.org>, mambo yako sawa. Rudia shortlog, uone mistari mitatu imekuwa mmoja wenye komiti 330. Kisha fanya komiti ya faili lenyewe ili wenzako nao wafaidike.

Elewa kwamba historia haijaguswa. Hashi (kitambulisho) ya kila komiti inatokana pia na jina na barua pepe ya mwandishi, hivyo kubadilisha herufi moja ndani yake kunabadilisha hashi hiyo na za komiti zote zinazoifuata. Mailmap inabadilisha kinachoonyeshwa tu, na ndiyo maana naipendelea.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeweka faili lakini skripti yangu ya git log bado inatoa majina ya zamani.*
Angalia umbizo ulilotumia. %an na %ae hutoa yaliyoandikwa ndani ya komiti. %aN na %aE hupitia mailmap. Git log ya kawaida inaisoma yenyewe tangu toleo la 2.23. Na ukitumia shortlog ndani ya skripti, ongeza HEAD (komiti uliyopo sasa) mwishoni, la sivyo itasubiri kusoma maandishi kutoka kwingine.

*Nimekosea komiti ya mwisho tu, na sijaisukuma (push).*
Rekebisha mipangilio, kisha git commit --amend --reset-author --no-edit. Tarehe ya mwandishi nayo itakuwa mpya.

*Watu wawili walitumia barua pepe moja ya ofisi. Nawatenganishaje?*
Ongeza jina la zamani kabla ya anwani ya zamani: Asha Mfano <asha@example.org> asha <ofisi@example.org>. Kama wote waliandika "admin", mailmap haiwezi kuwatofautisha.

*Nimebadilisha jina na sitaki la zamani lionekane popote.*
Pole kwa usumbufu, ndugu. Tumia mstari wenye anwani ya zamani bila jina la zamani, ili faili lisilitangaze. Lakini ndani ya komiti bado limo, na anayelitafuta atalipata. Kulifuta kabisa kunahitaji git filter-repo (zana ya kuandika upya historia) pamoja na --mailmap: hashi zinabadilika, saini za komiti hazibaki halali, na kila mwenye nakala lazima achukue upya. Ni gharama kubwa, ila kwa mtu anayeumizwa na jina hilo, naona mradi unapaswa kuizungumza naye kwa uzito, na neno lake lisikilizwe kwanza.