Jinsi ya Kujenga Kitovu cha Ubunifu wa Bayosayansi Kitakachoinua Uchumi wa Jiji

Majiji mengi yanayotaka kitovu cha bayosayansi, yaani mahali ambapo maabara na kampuni za sayansi ya viumbe hukua pamoja, huanza kwa kuchora jengo. Msanifu huitwa, picha ya ghorofa la vioo hutundikwa katika ofisi za halmashauri, kiwanja hutengwa, na swali la nani ataingia humo na atafanya nini huahirishwa mpaka utepe ukatwe. Nimekuwa nikipanga na kusimamia maabara za pamoja kwa miaka, na katika mpangilio ninaoupendekeza hapa jengo ni hatua ya tano. Kinachoingiza fedha jijini ni kampuni zinazouza nje ya jiji dawa, vipimo, mbegu, chanjo za mifugo, vimeng'enya (enzaimu) au huduma za utafiti, kisha zikalipa mishahara na wazabuni wa papo hapo. Kampuni hizo huanzishwa na watu wenye ujuzi waliopata mapema mahali pa kufanyia kazi, kwa gharama wanayoimudu na chini ya kanuni wanazozielewa. Kila hatua inayofuata inalenga kuwapata watu hao na kuwafanya wabaki.

Hatua ya kwanza: Hesabu kilichopo

Kabla ya kuandika mpango wowote, pita katika vyuo, hospitali za rufaa, taasisi za utafiti na viwanda vilivyomo jijini, uandike ni nani anafanya nini. Usiishie kwa wakuu wa idara. Ingia maabara zenyewe uzungumze na watafiti na mafundi sanifu wakiwa kazini. Utakuta mashine ya thamani kubwa imefunikwa nailoni kwa sababu kipuri kimoja hakipatikani, au mwanafunzi wa uzamivu anayepeleka sampuli zake nchi nyingine kwa kuwa hapo hakuna wa kuzichambua. Taarifa kama hizo zina uzito kuliko orodha ya machapisho ya chuo, kwa maana zinakuonyesha moja kwa moja huduma ambayo watu wangekuwa tayari kuilipia.

Muulize kila mtu ana matokeo gani yanayoweza kuwa bidhaa, ni kitu gani kimemzuia, na kama angefungua kampuni leo angeiweka wapi. Akitaja jiji jingine, iandike sababu kwa maneno yake mwenyewe.

Historia inaunga mkono mwanzo huu. Kampuni ya bayoteknolojia ya Hybritech ilipoanzishwa San Diego, Marekani, mwaka 1978, tayari palikuwa na taasisi za utafiti za Salk na Scripps na tawi la Chuo Kikuu cha California, na mmoja wa waanzilishi wake alitoka katika tawi hilo. Eneo la kampuni za utafiti la Research Triangle Park, lililoanzishwa North Carolina mwaka 1959, liliwekwa kwa makusudi katikati ya vyuo vikuu vitatu. Jiji lisilo na chuo cha utafiti wala hospitali kubwa linaweza kuvutia viwanda vya kuzalisha au kufungasha dawa, na hilo ni jambo jema, lakini liuite mradi huo kwa jina lake na kuupangia bajeti ya aina hiyo.

Hatua ya pili: Chagua fani moja, au mbili zisizogombana

Dawa mpya huchukua kwa kawaida miaka 10 hadi 15 tangu utafiti wa awali mpaka kuidhinishwa, na katika kila dawa 10 zinazoingia majaribio ya kwanza kwa binadamu, ni kama moja tu inayofika sokoni. Meya anayetaka kuona ajira ndani ya kipindi chake anapaswa kuambiwa jambo hili mapema na kwa uwazi. Vipimo vya maradhi, vimeng'enya vya viwandani, mbolea za kibayolojia na huduma za maabara kwa mkataba huleta mapato mapema zaidi, kwa hiyo mimi hupendekeza kampuni za aina hiyo ziwe nyingi katika miaka ya mwanzo, huku zile za dawa zikipewa muda zinaouhitaji.

Jiji la St. Louis, Marekani, lilijikita katika mimea: Kituo cha Sayansi ya Mimea cha Donald Danforth kilianzishwa huko mwaka 1998, katika eneo ambalo tayari lilikuwa na ujuzi mkubwa wa kilimo na makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Monsanto. Uamuzi wa namna hiyo hurahisisha mengine yote, kuanzia mashine za kununua na mafunzo ya kutoa hadi wawekezaji wa kualika.

Hatua ya tatu: Weka kanuni, na zungumza na wakazi mapema

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa ya thamani kuliko msamaha wowote wa kodi. Mwaka 1976, Chuo Kikuu cha Harvard kilipotaka kujenga maabara ya kuunganisha vinasaba, yaani kuchanganya vinasaba vya viumbe tofauti, wakazi wa Cambridge, Massachusetts, waliingiwa na hofu. Meya Alfred Vellucci aliipeleka hoja hadharani, baraza likasimamisha kwa muda aina fulani za majaribio hayo, na ikaundwa kamati ya wakazi wa kawaida. Kamati hiyo ilisikiliza wanasayansi wa pande zote mbili kwa miezi kadhaa, ikaandika mapendekezo, na Februari 1977 jiji likapitisha sheria ndogo ya kusimamia kazi hiyo.

Mtu angedhani kampuni zingekimbia. Kilichotokea ni kinyume chake. Mwekezaji alijua ni masharti gani yanamhusu na kwamba hayatabadilishwa ghafla kwa shinikizo la mtaa, na katika miaka iliyofuata kampuni zikamiminika. Kampuni ya bayoteknolojia ya Biogen ilijenga huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2002 kampuni ya dawa ya Novartis ikatangaza kuhamishia huko makao makuu ya utafiti wake. Wakazi nao walikuwa wamesikilizwa kabla ya zege kumwagwa.

Kwa vitendo, undeni kamati ya usalama wa kibayolojia yenye wataalamu na wakazi, mpitishe kanuni inayoeleza kazi zinazoruhusiwa katika kila ngazi ya usalama, kisha muweke dirisha moja la vibali lenye muda wa mwisho wa kutoa jibu. Ngazi za usalama wa maabara ni nne, kuanzia ya kwanza kwa vijidudu visivyo na hatari kubwa hadi ya nne kwa vile hatari zaidi, na karibu kazi zote za kampuni changa hufanyika katika ya kwanza na ya pili. Msijenge maabara ya ngazi ya tatu kwa ajili ya heshima. Mifumo yake ya hewa na vichujio hudai matengenezo ya kudumu, na isipokuwa na watumiaji wa kutosha itameza bajeti ya kitovu kizima. Kama nchi imeridhia Itifaki ya Cartagena kuhusu viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, iliyoanza kutumika mwaka 2003, au ile ya Nagoya kuhusu rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika mwaka 2014, mwanasheria wa kitovu aandae mapema mikataba ya mfano, ili kampuni yenye watu wachache isilazimike kuanza kuzisoma itifaki hizo peke yake.

Hatua ya nne: Fungua maabara ndogo ya pamoja

Mwanzilishi wa kampuni ya programu anahitaji kompyuta tu. Mwenzake wa bayoteknolojia anahitaji kabati la usalama wa kibayolojia linalozuia vijidudu visimfikie mtafiti, sentrifuji ya kutenganisha vimiminika kwa kuzungusha, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, otoklevu ya kuua vijidudu kwa mvuke, maji yaliyosafishwa, mashine ya PCR ya kunakili vinasaba na mtu wa kuondoa taka hatarishi, yote haya kabla hajafanya jaribio lake la kwanza. Akinunua mwenyewe, mtaji wake huishia kwenye vifaa atakavyovitumia saa chache kwa wiki. Maabara ya pamoja humkodisha meza moja kwa mwezi na kumruhusu atumie vilivyobaki kwa zamu. LabCentral, iliyofunguliwa Cambridge mwaka 2013 kama taasisi isiyogawana faida, ilianza kwa utaratibu huu ikiwa na ruzuku ya jimbo ya dola milioni 5.

Tumia sakafu moja ya jengo lililopo. Kabla ya kununua mashine yoyote, tenga fedha za matengenezo yake, na usipokee msaada wa mashine ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena, hata kama aliyeitoa anataka kupigwa picha nayo.

Umeme uangalie kwa jicho la pekee. Friza ya nyuzi 80 ikizimika hupanda joto taratibu, na baada ya saa kadhaa sampuli zilizokusanywa kwa miaka huanza kuharibika. Jenereta ijiwashe yenyewe na ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo halisi. King'ora kipige simu ya mtu, kisiishie kulia ndani ya chumba kisicho na mtu. Bandika kwenye mlango wa kila friza karatasi yenye majina na namba za watu watatu kwa mpangilio wa kupigiwa, na weka friza moja tupu, imewashwa muda wote, ambayo haikodishwi kwa mtu yeyote. Wahasibu watakuuliza kila mwaka kwa nini friza hiyo haiingizi mapato. Ukiwaonyesha thamani ya sampuli zilizomo katika friza ya jirani yake, watakuelewa.

Ajiri meneja wa maabara kabla ya kuajiri mkurugenzi wa mawasiliano. Meneja ndiye atakayehakikisha makabati ya usalama yanakaguliwa kila mwaka, otoklevu inapimwa kwa vijidudu vya majaribio, na mtafiti mpya haanzi kazi kabla ya kufunzwa. Mikataba ya kukodi iwe ya muda mfupi na rahisi kuvunjwa, kwa sababu kampuni changa haijui itakuwa na watu wangapi mwaka ujao.

Hatua ya tano: Sasa jenga

Meza zikishajaa na kukawa na kampuni zinazosubiri nafasi, utakuwa na takwimu za kumpa msanifu. Maabara hudai mita 4 hadi 4.5 kutoka sakafu hadi sakafu ili mabomba ya hewa yapite, na ndiyo maana jengo la ofisi lenye dari za chini ni gumu kuligeuza. Sehemu kubwa ya hewa yake haizungushwi tena ndani, hutolewa nje, hivyo gharama ya nishati kwa kila mita ya mraba huwa mara kadhaa ya ile ya ofisi. Sakafu zihimili mizigo mizito bila kutikisika, la sivyo hadubini zenye ukuzaji mkubwa hazitatoa picha safi. Kuwe na lifti ya mizigo iliyotengwa na ya watu, na njia ya taka isiyopita mapokezi.

Chumba cha naitrojeni ya kimiminika, inayotumika kugandisha sampuli, kiwe na kipima oksijeni chenye onyesho nje ya mlango, kikiwa kimetegeshwa kipige king'ora oksijeni inaposhuka chini ya asilimia 19.5. Lita moja ya naitrojeni hiyo ikivukiza hutoa takriban lita 700 za gesi isiyo na harufu inayochukua nafasi ya oksijeni chumbani, na mtu aliyeingia kuchukua sampuli anaweza kuanguka bila kupata dalili yoyote.

Kuhusu eneo, chagua mahali ambapo daktari wa hospitali, mhadhiri na mwanzilishi wa kampuni wanaweza kukutana kwa kutembea kwa miguu. Biopolis, mtaa wa maabara wa Singapore, iliyofunguliwa mwaka 2003, ilijengwa karibu na chuo kikuu na hospitali yake, na majengo yake yameunganishwa kwa madaraja. Kiwanja cha bei nafuu kilicho mbali na vyote hivyo huwa ghali baadaye.

Hatua ya sita: Fundisha mafundi sanifu

Mazungumzo ya vitovu hujaa majina ya maprofesa, ilhali ajira nyingi zitakazogusa familia za jiji ni za mafundi sanifu, waendesha mitambo, wakaguzi wa ubora na watunza kumbukumbu za uzalishaji. Huu ndio moyo wa suala zima la uchumi wa jiji. North Carolina ililitambua hilo, ikaanzisha kupitia vyuo vyake vya jamii mafunzo mafupi ya BioWork kwa watu wasio na shahada, na mwaka 2007 chuo kikuu cha jimbo kikafungua kituo chenye mitambo ya uzalishaji kwa ajili ya mafunzo. Waalike waajiri waandike mtaala pamoja na chuo, na mwanafunzi afanye mazoezi kwenye mashine ileile atakayoikuta kazini.

Hatua ya saba: Panga fedha na haki miliki

Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliruhusu vyuo vya Marekani kumiliki uvumbuzi uliofadhiliwa na serikali kuu, na ikafungua njia ya kuukabidhi kwa kampuni kwa leseni. Chuo chako kiwe na mkataba mmoja wa leseni, mfupi, unaojulikana na wote. Chuo kinachodai hisa nyingi mno mwanzoni huwafukuza wawekezaji wanaofuata, na mwisho wake hubaki na fungu kubwa la kampuni isiyokuwepo.

Jiji lisijifanye mfuko wa mtaji. Nguvu zake ziko katika ardhi, dhamana ya mkopo wa jengo, ruzuku ya vifaa vya pamoja na, zaidi ya yote, ununuzi: hospitali za umma zikikubali kujaribu kipimo kipya kwa utaratibu halali, kampuni hupata ushahidi na mteja wa kwanza kwa wakati mmoja. Fedha nene zitoke ngazi za juu. Massachusetts mwaka 2008 ilipitisha sheria ya kutenga dola bilioni 1 kwa sekta hii kwa miaka 10, urefu wa muda unaovuka uchaguzi zaidi ya mmoja.

Hatua ya nane: Andaa nafasi ya kukua, na pima kila mwaka

Kampuni inayotoka kwenye meza mbili hadi kuhitaji mita za mraba 500 isipozipata jirani itahamia jiji jingine, ikiondoka na kodi na ajira zilizosubiriwa kwa miaka. Hakikisha kuna vyumba vya ukubwa wa kati vilivyokamilika kabla kampuni hazijaviomba.

Pima idadi ya watu walioajiriwa na mishahara yao, fedha zilizoingia kutoka nje ya jiji, asilimia ya ununuzi unaofanywa kwa wazabuni wa hapo, na kampuni zilizobaki baada ya kutoka kwenye maabara ya pamoja. Chapisha takwimu hizo hadharani, pamoja na idadi ya zilizofungwa. Kampuni ya dawa ya Eli Lilly ilipoinunua Hybritech mwaka 1986, viongozi wengi wa kampuni hiyo waliondoka wakaanzisha nyingine palepale San Diego. Kwa hiyo kampuni ya kitovu chako inapouzwa au kufungwa, wafuate wafanyakazi wake ndani ya wiki hiyo, uwape walau meza moja kwa miezi mitatu bila malipo, na uorodheshe majina yao kwa waajiri waliobaki.