Somo: Mikono kwanza, bastola baadaye. Mazoezi ya kujihami kwa mwenye leseni

Wengi wenye leseni ya bastola ninaowafundisha hapa Nairobi wanajua kulenga. Wanakwenda uwanja wa shabaha, wanasimama wima, karatasi iko mita saba mbele yao, haisogei wala haisemi. Wanapiga risasi zao na kurudi nyumbani wameridhika. Ni jambo jema na liendelee. Lakini atakayekuvamia hatasimama mita saba akusubiri. Atakukamata ukosi kwenye maegesho ya magari, au ataingiza mkono dirishani ukiwa kwenye foleni, au atakuja nyuma yako ukifungua geti. Wakati huo bastola iko chini ya shati, shati liko chini ya koti, na mkono wako wa kulia umebeba mfuko wa supamaketi. Sekunde hizo za kwanza hupiganwa kwa miguu, sauti na mikono mitupu. Asiyezifanyia mazoezi anambebea jambazi silaha.

Somo hili ni la mwenye leseni halali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambaye tayari amefundishwa kuitumia bastola yake. Lifanye na mkufunzi na mwenzako wa mazoezi. Kusoma peke yake hakutoshi.

Hatua ya 1: Ondoeni risasi chumbani

Bastola halisi haiingii kwenye mazoezi ya watu wawili. Kamwe. Tumieni ya plastiki, ya rangi ya bluu au nyekundu, isiyoweza kubeba risasi, yenye umbo la ile unayobeba ili ikae sawa kwenye holsta yako, yaani ala ya kubebea bastola kiunoni. Silaha halisi, magazini (vibebea risasi vya bastola) na risasi zote zifungiwe chumba kingine. Kisha mmoja ampekue mwenzake kuanzia mabegani hadi soksi, na wabadilishane. Aliyetoka kupokea simu akirudi anapekuliwa tena, hata kama ni mkufunzi mwenyewe. Kuna watu wazima wanaoona haya kupekuliwa. Waivumilie haya hiyo, maana kuna watu duniani waliokufa mazoezini kwa bastola iliyodhaniwa tupu.

Kanuni nne za Jeff Cooper, Mmarekani aliyefungua shule ya bastola Arizona mwaka 1976, bado ndizo msingi. Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekee kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umelenga. Ujue unacholenga na kilicho nyuma yake. Hiyo ya nne ndiyo nzito kuliko zote katika mji wa nyumba za mabati na matatu zilizojaa. Risasi ya bastola hupenya bati bila shida, na nyuma ya bati wamelala watoto wa watu.

Hatua ya 2: Mwili wako uujue umbali

Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City, alichapisha makala fupi iliyobadilisha mafunzo ya askari wengi. Alipima muda ambao mtu hutumia kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, akaona ni sekunde moja na nusu hivi. Muda huohuo ndio anaouhitaji mpigaji aliyefunzwa kutoa bastola na kupiga. Wengine wameigeuza habari hiyo kuwa ruhusa ya kumpiga risasi yeyote mwenye kisu aliye ndani ya mita sita. Hakusema hivyo. Alichoonyesha ni kwamba mwenye kisu akiwa karibu hivyo, nawe umesimama palepale, umeshachelewa.

Fanyeni hivi. Mwenzako asimame hatua tisa mbele yako na kisu cha mpira. Bastola ya plastiki iwe chini ya nguo unazovaa kila siku, si fulana ya mazoezi. Aje mbio bila kukuonya. Mara za kwanza simama tu na ujaribu kuitoa. Kisha rudia ukikimbia pembeni kwanza. Kisha rudia kukiwa na gari au meza kati yenu. Utaona kwamba gari lililoegeshwa linakupa muda mwingi kuliko mkono mwepesi. Tangu siku hiyo utaanza kutembea kwenye maegesho ukitazama kitu cha kuweka kati yako na mtu, na hilo ndilo ninalotaka ulipate.

Hatua ya 3: Sauti, na mikono mbele

Hapa ndipo mikasa mingi inaweza kuishia bila damu. Na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwepa mazoezi, kwa kuwa kupaza sauti mbele za watu kunawatia aibu.

Mtu usiyemjua anakusogelea usiku: "Boss, samahani, naomba kuuliza." Inua mikono hadi kifuani, viganja vikimwelekea, viwiko karibu na mbavu. Kwa mtazamaji unaonekana mtu mpole anayeomba nafasi. Kumbe mikono iko tayari kukinga uso. Sema: "Samahani kaka, simama hapo hapo." Akiendelea kuja, sauti ipande na maneno yapungue: "Simama! Rudi nyuma!" Usitukane. Usitangaze kwamba una bunduki. Usiguse kiuno, kwa sababu ukikigusa umeshamwonyesha ilipo.

Maneno hayo yaende pamoja na miguu. Tembea nusu duara, umzunguke, ili uone kilichokuwa nyuma yako. Majambazi hupenda kuja wawili: mmoja anakuongelesha, mwingine anakuzunguka. Mtu mwema aliyetaka kuuliza njia atasimama na kuuliza akiwa mbali, hujamkosea lolote. Tena kila aliye karibu amesikia nani alikuwa anaomba kuachwa, na siku ya mahakamani ushahidi huo una uzito.

Fanyeni zoezi hili usiku, nje, nguo za kazini, mkoba mkononi. Mkufunzi aamue kwa siri kama anayekuja ni msamaria au mwizi. Nusu ya mara awe msamaria. Mwanafunzi anayemtolea bastola msamaria arudie somo lote.

Hatua ya 4: Akishakufikia

Akiwa karibu kiasi cha kukugusa, usiitafute bastola. Najua ni vigumu kulikubali. Mkono unaoshuka kiunoni umeacha uso wazi, na ngumi moja ya kidevu inatosha kukulaza chini ukiwa na silaha yako.

Kwanza linda kichwa: kiganja cha kushoto kishike kisogo, kiwiko kielekee mbele, kidevu kiinamie kifuani. Pili, usibaki mahali pamoja. Ama umwingie kifuani kwa kiwiko hicho, ama utoke pembeni. Tatu, ushike mkono wake wenye silaha, kifundo na juu ya kiwiko, uubane kifuani mwako. Bastola itoke pale tu mkono wake umeudhibiti, au umeshamsukuma na kupata hatua mbili tatu za nafasi.

Mwenzako avae glavu na kofia ya ndondi, aje kwa nusu nguvu kwa sekunde ishirini. Kila utakapotoa mapema, yeye aukamate mkono na kuipokonya. Hakuna hotuba inayofundisha zaidi ya kuiona bastola yako mkononi mwa mwingine.

Kwa maoni yangu, mwaka mmoja wa ndondi au judo kwenye klabu ya mtaani utakufaa kuliko bastola ya pili au darubini ya kulengea. Utazoea kugongwa na kuendelea kufikiri.

Hatua ya 5: Kuilinda kiunoni

Akiikamata bastola ikiwa kwenye holsta, gandamiza mkono wake kwa mkono wako, chini kwa nguvu zote. Shusha nyonga, geuza upande huo mbali naye, mkono wa pili umpige usoni mpaka aachie. Holsta iwe ngumu, izibe kifyatulio chote, ikae kwenye mkanda mpana usiopinda. Ile laini ya kitambaa itupe leo.

Hatua ya 6: Kuitoa

Mkono wa kushoto upandishe shati hadi kifuani. Wa kulia ushike mpini kikamilifu kabla ya kuvuta. Bastola ipande hadi mbavuni, mikono ikutane kifuani, ndipo inyooke mbele. Mtu akiwa karibu sana isinyooshwe, maana mkono ulionyooka hushikwa. Dakika kumi za mazoezi bila risasi kila jioni zinazidi sanduku la risasi kila miezi mitatu. Na nusu ya mazoezi hayo yaishe bila kufyatua: umetoa, mtu amekimbia, unairudisha polepole ukitazama holsta.

Hatua ya 7: Sheria

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinapima kujitetea kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza. Kwa lugha ya mazoezi: kuwe na hatari halisi kwa uhai au mwili, iwe ya sasa hivi, na nguvu uliyotumia ilingane nayo. Mwizi anayekimbia na simu yako amekupa mgongo, hatari imekwisha. Simu hununuliwa.

Hatua ya 8: Baada ya tukio

Septemba 21, 2013, wakati magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate hapa Nairobi na kuua watu 67, raia wenye leseni waliingia pamoja na polisi waliovaa kiraia na kuwatoa watu wengi wakiwa hai. Ujasiri ule tuuenzi. Lakini siku hiyohiyo ofisa wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi ya wanajeshi walioingia bila kujua nani ni nani. Ikiwa ofisa wa serikali alidhaniwa adui, wewe mwenye jinzi na bastola mkononi utadhaniwa nini?

Kwa hiyo hatari ikiisha, irudishe kwenye holsta kabla polisi hawajafika. Piga 999 au 112, useme mahali, useme wewe ndiye uliyeshambuliwa, ueleze mavazi yako. Wakifika, mikono mitupu juu, fanya kila wanaloamuru bila kubisha. Usiokote maganda ya risasi. Kama kuna anayevuja damu mkononi au mguuni, funga turniketi (mkanda wa kubana ili damu isitoke) vidole vitatu hivi juu ya jeraha, usiifunge juu ya kiungo, kaza mpaka damu isimame, andika saa. Turniketi ibebwe kila siku pamoja na bastola; uwezekano wa kuihitaji kwenye ajali ya barabarani ni mkubwa zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi ni mfanyabiashara wa Thika, navaa gauni. Naibeba kwenye mkoba. Kuna ubaya?*

Upo, dada yangu. Kitu cha kwanza kunyakuliwa na mwizi wa pikipiki ni mkoba, na bastola imeondoka nao. Kuna mikanda mipana ya tumboni inayovaliwa chini ya gauni, yenye holsta ngumu ndani yake. Jaribu huo. Ukishindwa kabisa, mkoba uwe na sehemu yake peke yake yenye kuziba kifyatulio, mshipi uvuke kifua, na usiuweke chini hata kanisani.

*Natembea bila risasi kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa. Rafiki zangu wananicheka.*

Usisukumwe na kicheko. Kuvuta bastola ili risasi iingie kunahitaji mikono miwili, na hatua ya 4 imekuonyesha kwamba mmoja huwa na kazi nyingine. Ndiyo maana mimi nafundisha kubeba ikiwa tayari. Lakini hiyo ni kwa mwenye holsta ngumu na aliyepita mazoezi mbele ya mkufunzi mpaka kidole chake hakikosei. Kabla ya hapo, iache chemba tupu.

*Nina miaka 63, magoti hayana nguvu. Hizo mbio siziwezi.*

Shikamoo mzee wangu. Hatua ya 2, ile sehemu ya kuweka gari au meza kati yenu, na ya 3 ndizo zako, na uzifanye kuliko vijana. Egesha karibu na mlango penye taa, shuka ukiwa umetazama pande zote, paza sauti mapema. Zoezi la kukinga kichwa lifanye umekaa kitini na ndani ya gari. Fimbo yako pia ni silaha nzuri, na haihitaji leseni.

*Niko Arusha. Haya yanafanana na kwetu?*

Mazoezi ni yaleyale. Silaha kwenu iko chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na kujitetea kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18: nguvu ya kadiri, inayohitajika kwa ulinzi huo. Mwone wakili wa huko kabla, si baada.

*Nikitekwa ndani ya gari, bastola mbili zimenielekea, wataniona nayo wakinipekua. Nifanye nini?*

Hili ndilo swali linalonikosesha usingizi. Anayetoa bastola mbele ya mtutu uliokwisha kumlenga hushindwa karibu kila mara. Kama wanataka gari, toa gari: mikono juu, shuka upande wako, sogea mbali haraka na uwaache waondoke. Wakitaka kukuondoa wewe, au kukupekua ukajua watakuua, nafasi ni ule muda wanapogeuka, wanapobishana, au mmoja anapoziba mtutu wa mwenzake. Tunalifanyia mazoezi kwa viti vinne na bastola za plastiki, ili macho yajifunze kuutambua muda huo na pia kutambua kwamba haupo.

*Mtoto wangu wa miaka sita ameniona nikifanya mazoezi ya jioni na sasa anaiga.*

Hamishia mazoezi chumba chenye kufuli, na ukimaliza silaha irudi kwenye sanduku la chuma kabla hujafungua mlango. Mwambie mtoto leo, kwa upole: akiona bunduki popote, hata ya kuchezea kwa jirani, asiiguse, aondoke hapo, amwite mtu mzima. Kisha mwulize tena kesho akurudishie maneno hayo.