Mpunga uliobanana hauna mavuno: nafasi na idadi ya miche kwa shina

Jaruba (kipande cha shamba la mpunga) lililopandwa kwa kubanana hupendeza macho wiki za mwanzo: kijani tupu, hata maji hayaonekani. Wengi hudanganyika hapo. Mpunga huvunwa kwa masuke yaliyokomaa na punje zilizojaa, si kwa wingi wa miche iliyochomekwa.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni miche mitano au sita katika shina moja (fungu la miche inayopandwa pamoja mahali pamoja), kwa hofu kwamba mingine itakufa. Ng'oa shina la namna hiyo baada ya mwezi ulitazame. Machipukizi ya katikati ni membamba, majani ya chini yamegeuka njano, mizizi imesokotana. Miche hiyo inanyang'anyana mwanga na mbolea, inarefuka bila unene, na upepo ukija mpunga unalala. Unyevu usiokauka kati ya mashina hukaribisha magonjwa ya ukungu.

Kwa udongo wa wastani, panda sentimita 20 kwa 20, miche miwili kwa shina. Hapo unapata mashina 25 kwa mita ya mraba. Kila shina likitoa masuke 12, una masuke 300. Ukipanua hadi 25 kwa 25 mashina yanabaki 16, na kila moja lazima litoe masuke 19 kufikia idadi ileile. Udongo wenye rutuba, mbegu inayochipua sana na miche michanga huliweza hilo. Udongo uliochoka hauliwezi: magugu yatajaza nafasi, na machipukizi ya kuchelewa yatakuwa bado mabichi wakati wa kuvuna.

Miche ikipita siku 30 kitaluni, uwezo wake wa kuchipua umeshapungua. Hapo tu ndipo tunashauri kubana: 20 kwa 15, miche mitatu.

Tumia kamba yenye alama. Kukadiria kwa macho huharibu mistari kabla hujafika nusu ya jaruba. Pandikiza siku ileile ya kung'oa, kina cha sentimita 2 hadi 3. Mche uliozamishwa zaidi huchelewa kuchipua.

Baada ya siku saba, weka fremu ya mita moja kwa mita moja sehemu tano tofauti na uhesabu mashina yaliyo hai. Penye pengo, jazia mara moja kwa miche ya kitalu kilekile, maana ya umri mdogo zaidi itafunikwa na wenzake.