Kabla hujanyonywa mafuta, libane tumbo lako

Nimepasua sangara Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, miaka 18, mafuta nayajua. Sangara aliyenona ukimfungua, unayakuta yamezunguka utumbo, unayayeyusha na kukaangia. Sisi nasi tunayo ya ndani kama hayo, na tunayo mengine chini ya ngozi. Upasuaji wa kunyonya mafuta unagusa ya chini ya ngozi tu.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Simama, bana tumbo kwa vidole. Likishikika na kuvutika, hayo daktari anaweza kuyapunguza. Likiwa gumu kama ngoma, limetangulia mbele, mengi yako ndani na bomba halifiki huko. Ngozi iliyolegea kwa uzazi nayo haikazwi kwa kunyonya, pengine itazidi kuning'inia. Na anayetaka kupungua mwili mzima asihangaike. Mimi nilipofanyiwa, mizani ilisogea kidogo mno, kilichobadilika ni kiuno cha gauni.

Tafuta daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, uhakikishe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Binti wa dada yangu alimpata mmoja mtandaoni, ukurasa umejaa viuno. Tulipouliza usajili, akatufungia simu.

Mbele ya daktari usione aibu. Taja presha, sukari, sigara, aspirini, dawa za mitishamba. Mimi nilivitaja vyote nikaficha vidonge vya majira, kwa sababu mume wangu alikuwa amekaa pembeni. Shoga, mtoe mume nje kwanza.

Siku yenyewe unachorwa mistari ukiwa umesimama. Wanakujaza maji ya chumvi yenye ganzi na adrenalini, inayobana mishipa ili damu isipotee nyingi. Njia hiyo ilianzishwa na daktari wa Marekani, Jeffrey Klein, miaka ya 1980. Kisha tundu dogo, bomba jembamba, mbele nyuma, mbele nyuma. Madaktari wengi huona lita 5 kwa mara moja ni nyingi tayari, na aliyetolewa zaidi ya hapo hulazwa aangaliwe. Anayekuahidi lita 10 na kurudi nyumbani jioni, chukua mkoba wako uondoke.

Ukitoka hapo unavimba, unavilia damu, matundu yanavuja maji mekundu. Beba khanga kuukuu za kutandika. Nguo ya kubana utaivaa wiki kadhaa, na kwa joto letu utaichukia. Umbo lenyewe linatulia baada ya miezi 3 hadi 6, usijipime kwenye kioo kila asubuhi.

Sasa basi. Nilifanyiwa Dar, nikaambiwa nisisafiri hadi daktari anione tena. Nikawaza meza yangu Mwaloni, siku ya 5 nikapanda basi. Zaidi ya kilomita 1,000 nimekaa tu. Kufika Shinyanga shavu la mguu wa kushoto linauma, limevimba, la moto. Mwanza nikapigwa ultrasaundi: damu imeganda kwenye mshipa. Daktari akaniuliza tena kuhusu vidonge vya majira, maana navyo huweza kuchangia damu kuganda, safari hii nikasema. Bonge kama hilo likipanda kwenye mapafu linaua, kwa hiyo ukiumwa mguu hivyo au pumzi ikakukata ghafla, usisubiri kukuche.

Kwenye hesabu yako weka kodi ya chumba hadi siku atakayokuruhusu. Mimi chumba nilikiona ghali, nikaja kununua dawa za kuzuia damu kuganda miezi 3.