Somo: Ijue miti ya mikokoni kwa mizizi yake, maji yakipwa

Kila masika yakikaribia naona watu wakiteremka Mikindani na Jomvu, hapa Mombasa, kwa magari, wamebeba miche, wamekuja kupanda mikoko. Nia yao ni njema na jasho lao ni la kweli. Lakini ukimshika mmoja ukamuuliza, "Huo ulioshika ni mti gani?" atakwambia, "Mkoko." Aliye karibu naye, mwenye mti mwingine kabisa mkononi, naye atasema, "Mkoko." Kenya ina miti 9 ya mikokoni, na kila mmoja una jina lake, mahali pake na tabia yake. Wazee wetu waliijua kama mtu amjuavyo jirani.

Somo hili ni la matembezi ya asubuhi moja. Nimelipanga kwa mkono wa bahari wa Tudor kwa sababu ndiko ninakotembea, lakini ukienda Mtwapa, Port Reitz au Tsunza hutopotea, mingi ya miti hii utaikuta.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kupanga siku

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, kwa siku mbili tatu huwa bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti hukaribia mita 4. Siku za bamvua hapa Mombasa maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na kujaa kama saa kumi jioni. Hiyo ndiyo nafasi yako. Ingia saa mbili na nusu ukiyafuata maji yakitoka, na ikifika saa tano uwe umeshageuka. Kila siku ipitayo, saa ya kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hivyo usiende kwa saa ya jana. Siku za maji mafu acha, bahari haitoki vya kutosha na miti ya mbele hutoifikia.

Hatua ya 2: Miguu

Champali zitabaki kwenye tope. Gambuti hujaa tope, na mguu ukishazama humo kuutoa ni kazi ya watu wawili. Vaa raba kuukuu zinazofungwa kamba vizuri. Usiende miguu mitupu hata kama umezoea pwani, kwa sababu chaza walioganda kwenye mizizi wanakata kama wembe. Beba maji ya kunywa. Basi.

Hatua ya 3: Tazama chini, si juu

Anzia nchi kavu ukishuka baharini. Majani ya miti hii hufanana na yatakuchanganya, kwa hivyo yaache kwanza. Mti wa mikokoni hujitambulisha kwa mizizi.

Mwanzoni kabisa, penye mchanga uliochanganyika na tope, utaona vijiti vimechomoza ardhini kama penseli, mamia kwa mamia, vimeuzunguka mti pande zote. Huo ni mchu, na vijiti hivyo ndivyo pua zake. Chimba tope kidogo kwa kidole uone sababu: chini ya ngozi ya juu ni jeusi tititi na linanuka yai viza, kwa kuwa hewa haimo. Mzizi uliofukiwa humo utakufa kwa kukosa pumzi, ndipo mchu ukatoa vijiti juu uvute hewa maji yakiondoka. Sasa chuma jani moja. Upande wa chini lina rangi ya kijivu kama fedha. Lilambe upande wa juu. Ni chumvi! Mchu hunywa maji ya bahari na chumvi yake huitoa kwa majani, na asubuhi za kiangazi utaziona chembe ziking'aa kwa macho yako. Kila ninayempeleka humwambia alambe, na sijaona aliyelisahau jani hilo.

Mbele kidogo unaingia kwenye kichaka cha miti myembamba iliyobanana, mingi kimo cha mtu. Ni mkandaa. Shina lake chini limepanuka kama mapezi madogo, na mbegu yake ni nyembamba, ndefu, yenye mifuo. Maganda yake ndiyo yaliyokuwa yakitia ngozi rangi nyekundu. Ukikuta mti unaofanana nao lakini wenye maua meupe madogo, huo ni kikandaa.

Mkomafi hauna pua za kuchomoza kama mchu. Mizizi yake imesimama juu ya tope kwa ukingo, kama mbavu, ikipinda na kutambaa mithili ya nyoka. Tunda lake ni la mviringo, kubwa na zito kuliko embe la kawaida, na ndani mbegu zimepangwa kwa ustadi wa ajabu. Una ndugu yake aitwaye mkomafi dume, ambaye mizizi yake haitambai hivyo.

Muia utaujua kwa magoti. Mzizi hutoka topeni, ukapinda, ukarudi chini, sawasawa na goti la mtu aliyekaa. Chini yake utaokota vikombe vyekundu vya maua vyenye meno membamba pembeni.

Halafu mkoko wenyewe, ule uliowapa wenzake wote jina. Miguu yake hutoka shinani ikiwa juu na kuinama hadi topeni, mingine ikitoka hata kwenye matawi. Tazama juu sasa, ruhusa. Utaona mbegu ndefu za kijani zikining'inia kama maharagwe makubwa. Hizo zimeota zikiwa bado juu ya mti. Mkoko haudondoshi mbegu, hudondosha mtoto aliyekwisha anza maisha, na akianguka kwenye maji huelea hadi apate pa kushika.

Marehemu babu yangu aliishi kwa mti huu. Alikuwa akihesabu kwa korija, yaani miti 20, na kila unene ulikuwa na jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ingia nyumba yoyote ya zamani Mji wa Kale uinue macho darini utaziona boriti. Vyumba vile ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulikuwa ni urefu wa boriti. Majahazi yalizipeleka hadi Uarabuni na Ghuba, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza nje mwaka 1982.

Mwisho kabisa, unaopigwa na mawimbi ya kwanza, ni mlilana. Nao una pua za kuchomoza kama mchu, ila ni nene, zimechongoka kama karoti iliyogeuzwa. Wavuvi walizikata wakafanyia maboya ya nyavu, na mafundi wa majahazi waliupenda mti wake kwa mataruma. Maua yake hufunguka jioni, nyuzi nyeupe tele, na popo huja kuyanywa usiku.

Hapo usishangae kuukuta mchu tena. Mchu hukaa nyuma na hukaa mbele.

Wa tisa ni msikundazi, mti wa penye maji baridi mengi, kama Kipini kwenye mlango wa Mto Tana. Kaunti yetu ya Mombasa ina takriban hekta 3,771 za mikoko kati ya hekta 61,271 za nchi nzima, na sehemu kubwa iko Lamu.

Hatua ya 4: Simama robo saa bila kusema

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naipenda kuliko zote. Ukitembea, wanyama wote huingia mashimoni na utaondoka ukisema hamna kitu. Simama. Dakika ya tano hivi, tope huanza kusogea.

Kwanza hutoka kaa wadogo. Dume ana gando moja kubwa la rangi kali na jingine dogo. Hilo kubwa halimfai kwa kula. Hulipunga juu chini akiwaita majike, na kutishia madume wenzake. Jike ana magando mawili madogo, naye hula kwa mikono miwili haraka haraka, akichuja tope na kuacha vidonge vidogo pembeni mwa shimo. Kuna kaa wengine wakubwa kidogo ambao hulikamata jani lililoanguka wakaliburuta hadi shimoni. Mashimo yao ndiyo yanayopeleka hewa chini kwenye lile tope jeusi. Kaa wakiondoka, miti nayo huumia.

Kisha samaki wa kurukaruka, mwenye macho juu ya kichwa. Hutembea topeni kwa mapezi ya mbele, hupumua kwa ngozi na kwa kinywa mradi awe majimaji. Msogelee utamwona akiteleza juu ya maji badala ya kuzama.

Tazama na mashina. Konokono wembamba wameganda humo. Maji yakitoka hushuka kula topeni, na kabla hayajarudi huwa wameshapanda tena. Mara nyingi wao ndio walionikumbusha saa. Wale wakubwa weusi waliojikusanya chini, kumi juu ya jani moja la mkoko, wao hula jani hilohilo hadi liishe.

Juu sikiliza mdiria. Yule wa mikokoni ana mdomo mwekundu wote na mgongo wa buluu, na chakula chake kimojawapo ni hao kaa. Yangeyange na korongo utawaona bila kuwatafuta.

Hatua ya 5: Rudi

Maji hayarudi kwa mbele tu. Huingia kwanza kwa vijito vilivyo nyuma yako, na mahali ulipopita pakavu unapakuta kiunoni. Konokono wakianza kupanda, nawe panda.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama kutoka Changamwe: Maalim, kikundi chetu cha kina mama tulipanda miche mingi ya mkoko mwaka jana, mbele kabisa palipo wazi. Yote imekufa. Tulikosea wapi?

Jibu: Pole sana mama, na msijilaumu, hamkuwa wa kwanza. Miaka kadhaa nyuma nami nilikuwa kwenye upanzi kama huo. Tuliambiwa tupande mkoko mchangani, pale mawimbi yanapopiga, kwa kuwa palikuwa na nafasi na picha zingetoka vizuri. Nilijua ni mahali pa mlilana. Nikanyamaza kwa kuwaheshimu waliotualika. Baada ya miezi michache hapakuwa na mche hata mmoja, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo. Safari ijayo tembeeni kwanza, mtazame mti gani umejiotea wenyewe karibu na hapo, na huo ndio mpande. Kama ni mkoko, uwe penye tope, nyuma ya mlilana. Mbegu iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda. Ichomekeni theluthi moja tu, ncha ya chipukizi ikiwa juu, na kila mche uachane na mwenzake kama mita moja. Na kama miti iliyokatwa imeacha mbegu tele chini, huenda kazi yenu ni kupalinda tu, paote penyewe.

Kijana wa Mikindani: Kaka, ile harufu ya mikokoni kwetu ni ya tope au ni ya maji taka?

Jibu: Zote mbili, na pua yako inaweza kuzitenganisha. Ya tope ni ya yai viza, hutoka ukikanyaga na huisha. Ya maji taka huja na upepo kutoka kwenye mifereji, na penye mfereji utaona maji ya kijivu. Hapo usichume chaza wa kula hata kidogo. Chaza huchuja maji mchana kutwa, na uchafu ulio majini humwingia. Mikoko husafisha mengi, lakini kuibebesha mzigo wa mtaa mzima si haki.

Mvuvi wa Jomvu Kuu: Shekhe, nauza kaa koko. Wengine wanasema tuache majike wote, wengine wanasema wenye mayai tu. Wewe waonaje?

Jibu: Wewe wajua kumtambua, lakini nitawaeleza wenzetu: mgeuze kaa, tazama kifuniko cha tumbo. Dume kifuniko chake ni chembamba chenye ncha, jike ni kipana. Jike mwenye mayai mrudishe bila kufikiri, na wadogo pia. Jike mwenye mayai huacha mikoko akaenda bahari wazi kuyatoa, na ukimchukua njiani umechukua malaki ya kaa. Na usichimbue shimo kwa kukata mizizi. Tumia ndoana ile ya kijiti.

Mwanachama wa Tsunza: Kwetu kuna sehemu mikoko ilikufa yenyewe, hakuna aliyeikata. Je, twaruhusiwa kuchukua kuni?

Jibu: Mikoko yote ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo hata ulio mkavu ombeni kibali cha Huduma ya Misitu. Ama sababu ya kufa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwa Mto Mwache, ukazifukia pua. Mti uliofukiwa pua hufa umesimama. Kapime: fukua taratibu uone kama vijiti viko chini ya udongo mpya.

Mwalimu wa shule ya msingi: Maalim, wanafunzi wangu walipasua tunda la mkomafi, zikatoka mbegu kumi na mbili. Wameshinda siku nzima wakijaribu kulirudisha mviringo na wameshindwa.

Jibu: Mwalimu, hilo hushinda hata watu wazima! Waambie waanze na mbegu zenye mgongo wa mviringo zote zitazame nje, na zile pembe zikutane katikati. Wakishachoka, zisitupwe. Wazipeleke kule nyuma, penye mikomafi mingine, kila moja ilazwe topeni nusu ndani nusu nje. Kila mtoto aweke kijiti chenye jina lake, nanyi mrudi bamvua ijayo kuzitazama.