Mkrismasi au kibobakasi? Tazama chini kwanza

Kuanzia Oktoba mitaa ya Moshi huanza kuwaka rangi. Ukitoka matembezi ya jioni na unataka kujua mti upi ni upi, usikodoe macho juu. Okota ua lililodondoka.

Mkrismasi na kibobakasi ndiyo inayowachanganya wengi, maana yote miwili huonekana myekundu ukiwa mbali. Ua la mkrismasi lina petali tano zilizoachana, na moja kati ya hizo ina weupe au unjano wenye michirizi myekundu, kana kwamba mtu amekung'utia brashi ya rangi. La kibobakasi ni kikombe kizima, rangi ya chungwa iliyokolea, na ukingoni lina mstari mwembamba wa njano. Bado una shaka? Tafuta tumba lake, limejikunja kama ukucha wa paka. Libinye, maji yatakurukia usoni. Tuliocheza nayo utotoni hatuhitaji maelezo zaidi (na yanaacha doa kwenye shati jeupe, nimeshagombezwa kwa hilo).

Maua yakiisha, mkrismasi na jakaranda hufanana kwa vijani vyao vidogo vidogo. Hapo angalia maganda ya mbegu: ya jakaranda ni ya duara na bapa kama biskuti, ya mkrismasi ni marefu kama ala ya panga.

Na bogenvilia ya ukutani? Ile pinki yote ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe katikati.