Jinsi ya kumjibu mwandishi wa habari anayeuliza kuhusu hatari ya ndege ndogo

Simu huja saa chache tu baada ya tukio. Ndege ya injini moja imegonga jengo mahali fulani Marekani, na mwandishi anatafuta rubani wa klabu ya karibu amweleze kwa nini mtu anaweza kuruka bila kupekuliwa. Marubani binafsi wa huko wamekuwa wakiulizwa hivyo tangu mashambulizi ya Septemba 2001, na inaudhi kweli kuona ndege ndogo kama Cessna ikizungumziwa kama bomu. Hata hivyo, pokea simu. Ukikataa, nafasi yako itajazwa na mtu asiyejua ndege.

Anza kwa kuuliza wewe: ni ndege ya aina gani? Jina "ndege ndogo" hubandikwa kwenye kila kitu, kuanzia Cessna 150 ya viti viwili hadi jeti ya biashara yenye tani kadhaa. Agosti 2018, mfanyakazi wa shirika la ndege katika uwanja wa Seattle aliiba Q400, ndege ya abiria ya shirika iliyokuwa ndani ya uwanja mkubwa wenye ulinzi kamili. Tukio hilo halihusu klabu za urubani hata kidogo. Kama mwandishi ana namba ya usajili inayoanza na N, mwelekeze kwenye daftari la usajili la FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ambalo liko wazi kwa umma. Aina ya ndege ataipata humo mara moja.

Kisha mpe uzito wa ndege. Hapa ndipo penye hoja yako yote, kwa hiyo zikariri namba kabla simu haijalia. Cessna 172S ikijaa kabisa ina kilo 1,157. Ikiwa tupu ina takriban 760. Petroli inayotumika ni lita 200 hivi, yaani kilo 145, kwa hiyo watu na mizigo hubakiwa na kilo 250 tu. Husafiri kwa kilomita 230 hivi kwa saa. Boeing 767 iliyogonga mnara wa kaskazini wa World Trade Center, New York, mwaka 2001 ilikuwa na zaidi ya tani 120, karibu lita 38,000 za mafuta, na mwendo wa zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi, na ukipiga hesabu tofauti inapita mara 1,000. Linganisha pia na barabarani: bomu la Oklahoma City mwaka 1995, lililoua watu 168, lilikuwa na zaidi ya tani 2 na lilibebwa na lori la kukodi. Mwandishi wa Marekani mtajie pauni 2,550 na galoni 53. Ukimpa kilo atazibadilisha mwenyewe, na makosa huanzia hapo.

Usiseme kamwe kwamba haiwezekani. Kosa hili huharibu mahojiano kuliko lolote, kwa sababu mwandishi akitafuta dakika mbili atakuta tukio la Austin, Texas. Tarehe 18 Februari 2010, rubani aliigongesha Piper Dakota yake, ndege ndogo ya injini moja, kwenye jengo lenye ofisi za kodi. Alikufa yeye na mfanyakazi mmoja, watu 13 wakaumia, na jengo likaungua vibaya. Litaje wewe kwanza, kwa heshima ya waliofiwa. Halafu taja Tampa, Januari 2002, ambako kijana wa miaka 15 aliingia na Cessna 172 kwenye ghorofa refu: alikufa peke yake, na jengo likabaki limesimama. Msikilizaji akisikia yote mawili ataamini kipimo chako.

Kuna sentensi mbili zitakazojirudia katika habari. Ya kwanza: "rubani hakuwasilisha mpango wa safari." Katika sehemu kubwa ya anga ya Marekani, anayeruka kwa kuona, hali ya hewa ikiwa nzuri, halazimiki kuuwasilisha. Lakini usisahau Washington: ndani ya maili 30 za baharini kutoka uwanja wa Reagan, mpango, redio na namba maalumu ya transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, ni lazima. Ya pili: "hakuwasiliana na mnara." Viwanja vya umma vya nchi hiyo ni karibu 5,000, na vyenye mnara wa kuongozea ndege ni kama 500. Akiuliza kama mgeni yeyote anaweza kujifunza urubani, mwambie kwamba Mkenya au Mtanzania anayekwenda huko kusomea leseni yake ya kwanza huchunguzwa na TSA, idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, na kuchukuliwa alama za vidole kabla ya mafunzo ya kuruka kuanza.

Chanzo cha ajali usikikisie. Hiyo ni kazi ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, na ripoti ya awali kwa kawaida hutoka ndani ya siku 30 hivi. Usieleze udhaifu wa ulinzi wa uwanja wowote, hata kwa nia ya kulalamika. Na kama kuna jambo hutaki linukuliwe, mkubaliane kabla hujalisema. Ukishalisema ni lake.

Kabla ya kumkaribisha mwandishi uwanjani, zunguka mwenyewe. Funguo zisiwe ndani ya ndege. Mlango peke yake hautoshi: weka kufuli la pangaboi au la mkono wa mafuta, la rangi kali, lionekane kwa mbali, na liandike kwenye orodha ya ukaguzi kabla ya kuwasha injini, maana husahaulika. Namba 866-GA-SECURE, ya mpango wa AOPA (chama cha wamiliki wa ndege na marubani) na TSA wa kuripoti mtu au jambo la kutiliwa shaka, ibandike kwenye mlango wa banda. Kisha mwache mwandishi akae kwenye kiti cha nyuma cha 172 akiwa na mkoba wake. Atauelewa ule uzito kwa magoti.

Habari ikitoka na kosa, mwandikie mhariri siku hiyohiyo. Barua iwe na kosa moja, sentensi ilivyochapishwa, ushahidi wake, na sentensi unayopendekeza. Mkirundika malalamiko kumi hakuna litakalosomwa, na barua ishirini za wanaklabu zenye maneno yaleyale huishia kapuni. Mhariri akikaa siku tatu kimya, piga simu mara moja na uulize nani anashughulikia masahihisho.